Deni la Njia

Huko Marekani iko njia ya miguu iitwayo Appalachian Trail. Yapita milimani toka Georgia hata Maine, majimbo 14, kadiri ya kilomita 3,500. Ilikamilika mwaka 1937. Hata leo wanaofyeka magugu, kuondoa miti iliyoanguka na kupaka alama nyeupe, wengi wao ni watu wa kujitolea. Msafiri hawajui, nao hawamjui. Je, deni lao atalilipaje?

Twaona kwamba deni la namna hii hulipwa kwa yule ajaye nyuma. Waliotufundisha hata tukapata Kipaimara, wengi wamelala katika Bwana. Hatuwezi kuwarudishia kitu. Lakini watoto wa Shule ya Jumapili wapo, na njia yao yataka kufyekwa.