Ua la Usambara Hamamuni

Yule aliyejaaliwa hamamu yenye dirisha, naye akataka kuipamba kwa mmea upendao unyevu, kabla hajatamani maua ya ng'ambo, na alitazame ua dogo la rangi ya zambarau ambalo asili yake ni majabali yenye kivuli kandokando ya vijito vya Usambara, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa kuitukuza nasaba yake, ingawa kwa rai yangu wenyeji wa milima ile walistahiki kuulizwa kwanza. Safari haikuibadili hulka yake: hutaka mvuke, nuru isiyo jua kali, na udongo mwepesi usiotuamisha maji. Ila majani yake yana malaika laini, na tone la maji baridi huyatia madoa. Kwa hiyo hunyweshwa kwa chini, chungu kikikalishwa katika sahani ya maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa, kisha yaliyosalia yakamwagwa. Asiye na dirisha asijitaabishe: gizani haudumu mmea wowote, hata kangaga, mvumilivu wa vivuli.