Soko Lisilotaja Bei

Saa tisa na nusu usiku. Kwa wengi wetu Nairobi, huo ndio wakati mechi nyingi za fainali za NBA huanza. Nikiwa chuo nilikesha na simu yenye kioo kilichopasuka, sauti imepunguzwa ili rumeti asiamke. Asubuhi kulikuwa na lekcha. Lekcha ingesubiri. Baadaye niliacha chuo kabisa, na nitakuwa mwongo nikisema ni baske iliyoniangusha. Lakini kuna usiku mwingi niliutoa kwa watu wasionijua.

Ama wananijua? David Stern aliongoza ligi hiyo kwa miaka 30. Tangu miaka ya 1980 aliipa televisheni ya taifa ya China kanda za mechi, Mchina yeyote akiwa bado hajacheza NBA. Mwaka 2002 Houston Rockets wakamchagua Yao Ming wa kwanza kabisa. Huku kwetu walikuja na BAL, ligi ya vilabu vya Afrika, iliyoanza Kigali mwaka 2021.

Wenyewe wanatuita "masoko". Hilo neno liliniudhi kitambo. Nani anataka kupendwa huku anahesabiwa? Kisha nikamkumbuka mamangu pale Gikomba. Anashika nguo, anaigeuza, anatafuta doa, anataja bei yake, halafu anajifanya anaenda. "Mathe, rudi!" Na anarudi akijua ameshinda. Sokoni mnunuzi pia ana mdomo. Sisi tunalipa usingizi, data na jezi (feki, sawa), na sijawahi kusikia mtu akituita turudi.

Ningependa kuishia hapo, niwalaumu Wamarekani nilale. Shida ni kwamba nilijua kwa kichwa pointi za Steph Curry mechi baada ya mechi, na sikuwa nimewahi kuingia jimu ya Nyayo, matatu moja tu kutoka kwangu, ligi yetu ikichezwa humo. Nilienda mara ya kwanza baada ya Nairobi City Thunder kufuzu BAL ya 2025, timu ya kwanza ya Kenya kufika huko. Yaani nilingoja Kigali iniambie kwamba majirani zangu wanajua kucheza.

Je, nina deni kwa mchezo wa karibu kwa sababu tu ni wa karibu? Sidhani. Mapenzi hayalazimishwi na umbali wa matatu. Lakini siku hiyo nilikaa karibu sana, viatu vikilia sakafuni. Kijana mmoja akakosa mitupo miwili ya bure. Mzee nyuma yangu akamwita kwa jina, akamkemea kama mwanawe: "Piga magoti, wewe!" Kijana akageuka, akacheka kwa aibu. Mtupo uliofuata alikunja magoti. Ukaingia.

Miaka yote nimepigia Curry kelele, kimyakimya, rumeti asiamke.

Juni nitakesha tena, najijua. Ila Jumamosi nitakuwa Nyayo, karibu na yule mzee, nikijifunza majina.