Je, Mkristu Aombe Kitanzi kwa Mwuaji?



Juma lililopita ililetwa mezani pangu barua ya mama mmoja wa kijijini, imeandikwa kwa kalamu ya risasi katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Mwanawe, kijana wa bodaboda, aliuawa kwa panga usiku na watu waliojifanya abiria. Wawili walikamatwa, na mmoja wao amekwisha kuhukumiwa kunyongwa. Mama asema hivi: "Padre, Jumapili katekista alituongoza kuwaombea waliohukumiwa kifo. Wenzangu wote waliitika. Mimi nilinyamaza. Je, nimetenda dhambi?"

Sikuona vema kumjibu mama huyu kwa mistari miwili, kwa maana swali lake limo katika nyumba nyingi za Kikatoliki, ila wengi hulificha mbele ya padre. Twamsikia Padre akisema hivi kanisani, nasi twafika nyumbani tukisema vingine: aliyeua, naye auawe. Basi na tuseme wazi leo.

Kwanza, mama yangu, kunyamaza kwako si dhambi. Mwenyezi Mungu hakuudhika. Zaburi zimejaa vilio vya watu walioonewa, wakimwomba Mungu awalipie kisasi, wala Kanisa halikuziondoa katika Maandiko Matakatifu. Aliyefiwa hashurutishwi kusema kwa midomo neno ambalo moyo wake bado haujaliweza. Lakini swali la pili, ambalo hukuliandika lakini laonekana kati ya mistari, ni zito kuliko la kwanza: je, serikali ikimnyonga mtu yule, haki itakuwa imetendeka?

Hapa sina budi kusema kweli yote, hata ile isiyotupendeza. Kwa karne nyingi Kanisa letu liliikubali adhabu hii. Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha ya kuwa, kama vile tabibu akatavyo kiungo kilichooza ili mwili wote upone, vivyo hivyo wenye mamlaka waweza kumwondoa mtu aliye hatari kwa watu wote. Tena halikuwa jambo la vitabuni tu. Katika nchi zilizotawaliwa na Papa huko Italia alikuwako mnyongaji wa serikali, Giovanni Battista Bugatti, aliyeifanya kazi hiyo tangu mwaka 1796 hata miaka ya 1860, na watu waliouawa kwa mkono wake wazidi 500. Hata Mji wa Vatikano ulipoundwa mwaka 1929, sheria yake ilikuwa na adhabu ya kifo kwa mtu ambaye angejaribu kumwua Papa. Papa Paulo VI ndiye aliyeifuta mwaka 1969. Mwenye kusema kwamba Kanisa halikupata kuikubali adhabu ya kifo, ama hajasoma, ama ataka kutufariji kwa uongo.

Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II aliandika kwamba, kwa kuwa serikali za siku hizi zina magereza yenye nguvu, ni nadra sana, kama si kutokuwapo kabisa, lipatikane jambo la kumlazimisha mtawala aue. Mwezi Agosti 2018, kwa amri ya Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, fungu la 2267 la Katekisimu likabadilishwa: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa yashambulia heshima ya mtu, heshima ambayo hata mwovu kabisa haipotezi. Mimi nilikuwa ningali katika seminari kuu. Nakumbuka ubishi wetu siku zile chumbani mwa kulia, hata sufuria zikapoa. Mimi nami nilikuwa upande wa Mtakatifu Toma, na mfano wake wa kiungo kilichooza niliujua kwa moyo. Nilidhani wakubwa wamelegea.

Kilichonigeuza si hoja ya darasani. Ni habari ya mtu mmoja wa Japani, nami naomba nafasi niisimulie, maana magazeti mengi yaliitaja kwa mistari michache tu yakaiacha.

Mwezi Juni 1966, katika mji wa Shimizu, mkuu mmoja wa kiwanda cha miso, yaani kile kiungo cha soya iliyochachushwa ambacho Wajapani hukitumia katika mchuzi, aliuawa kwa kuchomwa kisu pamoja na mkewe na watoto wao wawili, kisha nyumba ikatiwa moto. Wananchi waliwaka hasira, na ni haki yao. Polisi wakamkamata mfanyakazi wa kiwanda hicho, Iwao Hakamada, aliyepata kuwa bondia. Wakamhoji kwa siku kama 20, saa 12 na zaidi kwa siku, hata akakiri. Alipofika mahakamani akakana, akasema alilazimishwa. Mwaka uliofuata, zaidi ya mwaka mmoja baada ya mauaji, zikaonekana nguo zenye damu ndani ya pipa kubwa la miso, ikasemwa kuwa ni zake. Alipojaribishwa suruali ile haikumwingia. Hata hivyo, mwezi Septemba 1968 mahakama ilimhukumu kunyongwa.

Majaji walikuwa watatu. Mmoja wao, Norimichi Kumamoto, hakuamini kuwa mtu yule ana hatia, lakini wenzake wawili walimshinda kwa kura, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuiandika hukumu. Aliiandika. Mwaka uliofuata akaacha ujaji. Akakaa na siri hiyo hata mwaka 2007, ndipo aliposema hadharani akilia kwamba alimhukumu kifo mtu ambaye moyoni alimwona hana kosa. Ndugu zangu mlio mahakimu, mlio wazee wa baraza, ninyi nyote mtiao sahihi zenu chini ya maneno ya wengine, mfikirini Kumamoto.

Katika Japani, aliyehukumiwa haambiwi siku yake. Huambiwa asubuhi ile ile. Kwa hiyo kila asubuhi nyayo za askari zikipita mlangoni, mfungwa hajui kama zitapita au zitasimama. Hukumu ya Hakamada ilikamilika katika Mahakama ya Juu mwaka 1980, na tangu hapo akaishi katika hali hiyo, peke yake chumbani, hata akili zake zikapotea. Kabla hazijapotea, katika mkesha wa Noeli wa mwaka 1984, alibatizwa gerezani humo, akawa Mkatoliki, kwa jina la Paulo. Naam, ni ndugu yetu katika Ubatizo.

Nje alikuwako dada yake, Hideko, aliyemzidi umri kwa miaka mitatu.  Aliishi kwa kazi ya kuandika hesabu, na miaka yote alizunguka akisema kwamba mdogo wake hakuua. Alikwenda gerezani kumtazama hata nyakati ambazo mdogo wake hakutaka kuonana na mtu. Mwaka 2014, baada ya vipimo vya damu iliyokuwa katika nguo zile, mahakama ilimfungua Hakamada na kuamuru kesi isikilizwe upya. Mabishano ya kisheria yakavuta miaka kumi mingine. Mwezi Novemba 2019, Papa Fransisko alipoadhimisha Misa mjini Tokyo, mzee Hakamada alikuwa kati ya waamini. Tarehe 26 Septemba 2024 mahakama ilitamka kwamba hana hatia, na tena kwamba wapelelezi waliutengeneza ushahidi, zikiwamo zile nguo, ambazo damu yake isingaliweza kubaki nyekundu baada ya kukaa katika miso zaidi ya mwaka. Alikuwa na umri wa miaka 88. Dada yake, mwenye miaka 91, ndiye aliyesimama mahakamani, kwa sababu mwenyewe hakuweza tena kuyafahamu mambo hayo. Mkuu wa polisi wa mkoa ule alikwenda nyumbani kwake akainama mbele yake kuomba radhi.

Wasomaji wapenzi, Japani ni nchi yenye fedha, yenye maabara, yenye mawakili tele. Ikiwa huko waliweza kukosea hivyo, sisi tuseme nini, ambao maskini wetu huonana na wakili aliyewekwa na serikali siku ile ile ya kesi, pengine kwa dakika chache tu?

Najua mtanijibu: lakini huyu wa mama mwenye barua ana hatia kweli, alionekana kwa macho. Sawa. Hoja ya makosa ya mahakama haimfiki. Na hapa ndipo penye ugumu, wala sitajifanya kuwa ni pepesi. Kanisa halisemi kwamba mwuaji ni mtu mwema. Halisemi afunguliwe. Lasema kwamba sura ya Mungu ndani yake haikuumbwa na serikali, kwa hiyo serikali haina ruhusa ya kuifuta. Kaini alimwua ndugu yake wa damu, na Mungu alimwadhibu kwa kumfukuza, lakini akamtia alama ili yeyote amwonaye asimwue. Mtaniambia kwamba Torati ileile yaagiza kifo kwa makosa mengi. Ni kweli. Na Bwana wetu Yesu Kristu aliletewa mwanamke ambaye kwa Torati hiyo alistahili mawe. Mwajua alivyowajibu waliomleta. Kisha Yeye mwenyewe akahukumiwa kifo mbele ya liwali halali wa serikali halali, umati ukishangilia.

Tazameni majirani zetu wa Rwanda. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kudai damu kwa damu, ndio wao baada ya mwaka 1994. Na kwa kweli, mwezi Aprili 1998 watu 22 walipigwa risasi hadharani. Lakini mwaka 2007 waliifuta kabisa adhabu hiyo. Sisemi kwamba walifanya hivyo kwa huruma tupu. Walitaka pia nchi nyingine na ile mahakama ya Arusha ziwakabidhi watuhumiwa, nazo zisingaliwatoa wakanyongwe. Hata hivyo waliifuta, na Burundi ikafuata mwaka 2009.

Kwetu, sheria ya kuua kwa kukusudia haimwachii jaji nafasi: akimwona mtu ana hatia, lazima atamke kunyongwa. Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema mwaka 1994 kwamba adhabu hii yapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yake mwaka 1995. Mwezi Novemba 2019 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, iliamua kwamba kumlazimisha jaji hivyo ni kuvunja haki ya uhai. Hata hivyo tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini. Marais wamepokezana, na hakuna aliyetia sahihi. Nashukuru kwa mikono hiyo iliyokataa kalamu, ila sheria yenye kutegemea moyo wa mtu mmoja si mahali pazuri pa kulala usingizi.

Sasa nirudi kwako, mama. Jambo moja katika barua yako limenichoma kuliko lile swali. Wasema kwamba tangu siku ya maziko hakuna mtu wa parokia aliyekanyaga nyumbani kwako, nawe unalea wajukuu watatu. Tumejifunza kuwaombea waliohukumiwa, na ni vema. Gerezani padre huenda, na masista huenda na sabuni. Kwako hakwenda mtu. Mahakama ilikuita kama shahidi, ikakurudisha kwa nauli yako. Kama watu wetu wadhani kwamba kitanzi ndicho haki pekee iliyobaki, twawalaumuje, ikiwa sisi hatukuwapa nyingine?

Nimemwandikia paroko wako, na mwenyekiti wa jumuiya yako atakuja juma hili pamoja na akina mama wa WAWATA kuzungumza nawe habari ya ada na sare za wajukuu. Jumamosi asubuhi nitatoa Misa kwa ajili ya roho ya mwanao. Kwa ajili ya yule aliyeko gerezani nitaomba mimi. Wewe waweza kuendelea kunyamaza hata utakapoweza. Niandikie tena.