Idadi ya Mishipi

Msomaji, ukialikwa kuvua katika bahari ya Lamu, utachukua mishipi mingapi? Mmoja hautoshi, maana matumbawe hukata uzi, na nguru hutaka mshipi mnene kuliko changu. Kumi ni mingi: mtumbwi ni mwembamba, mishipi hutatizana, na mikono yako ni miwili. Akiba ni busara. Akiba isiyo na mpaka ni hofu iliyovaa joho la busara. Basi chukua mitatu: mwembamba, mnene, na mmoja wa akiba. Lakini mshipi wa mwenzako ukikatika, huo wa akiba ni wa nani? Mpe. Akiba inayofichwa mbele ya mhitaji, hata ikiwa mshipi mmoja, imezidi kiasi.