Silaha ya Kale na Mwenyewe

Mandera ni mji ulio katika pembe ya mwisho ya Kenya, upande wa kaskazini mashariki. Ng'ambo ya mto Daua ni Ethiopia, na mwendo mfupi kwa miguu upande wa mashariki ni Somalia. Mji uliokaa hivyo hupokea mengi kutoka kwa jirani: mifugo, bidhaa, habari, na pia silaha. Mwaka 1940 majeshi ya Uingereza na Italia yalipigana katika mipaka hii, huko Moyale na El Wak. Mwezi wa Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na mwezi wa Mei mwaka uo huo serikali ya Mengistu Haile Mariam ikaanguka Addis Ababa. Majeshi mawili yalivunjika mwaka mmoja, pande mbili za mji mmoja. Jeshi livunjikapo, askari hurudi kwao. Lakini bunduki haina kwao. Hutafuta mnunuzi.

Basi swali letu ni hili. Mtu mwema, asiye na ugomvi na mtu, apendaye tu mchezo wa kulenga shabaha, akitaka kununua bastola kongwe iliyotoka jeshini, je, anunua chuma tu, au anunua na jambo jingine pamoja na chuma? Tulipime swali hili, ewe msomaji, bila ya haraka.

Tuanze na chuma chenyewe, kwa maana haifai kuhukumu kitu kisichojulikana. Bastola moja iliyokuwa maarufu mikononi mwa maofisa wa Kiingereza ni Webley, iliyotengenezwa Birmingham. Namna yake ya sita ilikubaliwa jeshini mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ina silinda izungukayo yenye matundu sita, na uzito wake hupita kilo moja kwa kidogo. Mnunuzi mwenye maarifa hadanganywi na kung'aa kwake. Hutafuta jina la mtengenezaji, namna, mwaka na nambari. Tena hutafuta mshale mdogo wenye ncha pana, ambao ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Akiona mishale miwili imegusana ncha kwa ncha, hujua ya kuwa silaha ile iliondolewa jeshini ikauzwa kwa idhini. Mshale wa kwanza ni kama cheti cha ndoa kati ya silaha na serikali; wa pili ni talaka yake.

Maarifa hayo si ya fahari tu. Yana usalama ndani yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili bastola nyingi za namna hiyo ziliuzwa Marekani. Risasi zake za asili, zenye upana wa inchi 0.455, hazikupatikana huko kwa urahisi. Kwa hiyo silinda za bastola nyingi zilichongwa upande wa nyuma ili zipokee risasi ya Kimarekani ya inchi 0.45. Risasi hiyo huingia vizuri sana. Walakini nguvu ya baruti yake hupita kipimo ambacho bastola ile ilijaribiwa kukivumilia, na chuma kikongwe huweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Hapa tumepata fundisho la kwanza: kuingia si kufaa.

Fundisho hilo ni kubwa kuliko bastola. Kila bastola huingia katika kila mkono. Huingia mkononi mwa mwenye hekima, wa mlevi, wa mwenye hasira, na wa mtoto aliyeikuta chini ya mto wa baba yake. Mpini wake haukatai kiganja cha mtu. Basi sisi tunaogeuza chuma huku na huku, tukisoma mishale na nambari zake, ni nani kati yetu augeuzaye mkono utakaokishika na kuusoma kwa uangalifu ule ule?

Kuna wanaosema kwamba chuma hakina dhambi. Kisu huchinja mbuzi wa karamu na huua mtu. Lawama ni ya mwenye kisu. Neno hili lina kweli ndani yake, wala silikatai. Tena mchezo wa shabaha ni mchezo wa heshima. Umekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896, na humfundisha mtu kutuliza pumzi, jicho na moyo. Lakini wasemao hivyo huishia katikati ya njia. Ikiwa chuma hakina dhambi, mzigo wote umemwangukia mwenyewe, na kwa hiyo yapasa achunguzwe mara mbili kuliko chuma. Wahenga walisema, mwana akililia wembe, mpe. Naam, wembe hukata kidole cha mwana mwenyewe, naye akajifunza. Risasi hukata mwili wa mwingine, na mafunzo yake hulipwa na asiyeyataka.

Watu wa Mandera wanalijua jambo hili kuliko wengi. Kwa desturi ya Wasomali, damu iliyomwagwa hulipiwa diya: ngamia 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Mwuaji halipi peke yake. Ukoo wake hulipa pamoja naye. Mzee aliye malishoni, ambaye hakuiona bastola wala hakuulizwa wakati iliponunuliwa, hutoa ngamia wake kwa risasi ya kijana wa ukoo wake. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, lakini hapa mmoja amekula na wengi wanalipa. Basi yule adhaniaye kuwa amenunua bastola kwa fedha yake amekosea hesabu. Ameweka rehani mifugo ya jamaa zake, na wao hawana habari.

Nayo malipo huweza kuwa mazito kuliko ngamia. Mwezi wa Februari 1984, huko Wajir, askari wa serikali waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, wakidai watoe silaha. Wengi waliuawa, na hesabu yao hubishaniwa hata leo. Hapana udhuru kwa waliotenda tendo lile, na lawama ni yao. Lakini huwezi kutaja tukio hilo ukaendelea kusema ya kuwa bunduki iliyofichwa ni siri ya mtu mmoja. Walioteswa kwa ajili ya bunduki ni pamoja na wale wasiokuwa nayo.

Mwingine atasema, "Sheria ya mjini ina taabu nyingi, na silaha ya chochoroni haina maswali." Katika Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kununua wala kuweka bastola pasipo hati. Humtaka mwombaji awe na sababu njema na akili timamu, wala asiwe mtu ambaye silaha yake itahatarisha amani ya watu. Mwaka 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Nairobi mkataba unaotaka silaha zipigwe alama ili zijulikane zilikotoka. Taabu hiyo ndiyo uchunguzi wa mkono tuliokuwa tukiuuliza. Auzaye bila ya kuuliza swali hakukufanyia hisani. Amekunyima mtu wa kukuzuia siku utakapohitaji kuzuiwa.

Basi, msomaji, sisemi kwamba kumiliki silaha ya kale ni dhambi. Yuko mtu anayeweza kuinunua kwa hati, kuifahamu, kuifungia, na kuilenga kwenye karatasi tu hata mwisho wa maisha yake. Nasema kwamba alama za chuma hujibu maswali machache: nani aliifanya, mwaka gani, na serikali gani iliiacha. Hazisemi ilimwua nani. Wala hazisemi wewe utakuwa nani siku utakapotukanwa mbele za watu, nayo imo mfukoni mwako.

Swali hilo la mwisho halina mshale wala nambari, na fundi wa silaha hawezi kukujibia. Lijibu wewe mwenyewe, ungali mikono mitupu. Na ukitaka kujua kama umejibu kwa haki, waendee wale ambao wangelipa pamoja nawe, yaani mama yako, ndugu zako na wazee wa mlango wenu, uwaambie wazi unachotaka kununua. Ukiona haya kuwaambia, jibu umekwisha kulipata.