Tarakimu Zilizopimwa na Wengine

Mwanafunzi wa sayansi afundishwaye kwa intaneti aghalabu hana maabara. Hashiki chupa, hanusi gesi, wala haunguzi kidole. Hupewa jedwali la tarakimu zilizopimwa na watu wengine, akaambiwa azipange, azichore, kisha aeleze zasema nini. Je, mtu huyo ameijua kweli, au amesadiki habari tu?

Jedwali mojawapo litumikalo kwa kazi hii ni lile la hewa ya ukaa ya Mauna Loa, mlima wa Hawaii. Charles David Keeling alianza kuipima huko, katika kimo cha mita 3,400 hivi, mwezi wa Machi 1958. Kipimo kilikuwa karibu na sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja za hewa; mwezi wa Mei 2013 wastani wa siku ulipita 400 kwa mara ya kwanza. Mwanafunzi achorapo tarakimu hizo huona mstari upandao, walakini si kwa unyofu: kila mwaka hufika kilele mwezi wa Mei, kisha hushuka hata Septemba au Oktoba. Hapana aliyemnong'oneza. Akitafuta sababu hukuta kuwa mimea ya kaskazini ya dunia, penye nchi kavu nyingi zaidi, huivuta hewa hiyo wakati wa majani, na majani yaozapo huirudisha. Mtu aliyefika hapo hawezi kuitwa msadiki mtupu. Hata mnajimu hajapata kugusa nyota.

Shaka ya haki iko penginepo. Jedwali lina mapengo. Katika mwaka 1964 upimaji ulikatika kwa miezi kadhaa kwa uhaba wa fedha. Mwishoni mwa Novemba 2022 mlima ulilipuka, barabara na umeme vikakatwa, na vipimo vikahamishiwa kwa muda Mauna Kea, mlima jirani. Watunzaji wa jedwali hawakuyaficha hayo. Mwezi usiopimwa huujaza kwa hesabu, nao hueleza kuwa wameujaza. Bali mwalimu mwenye haraka, au mwenye huruma isiyo mahali pake, huyaondoa maelezo hayo na kumpa mwanafunzi mstari usio kovu.

Kujaza pengo kwa hesabu si uongo. Uongo ni kunyamaza. Katika maabara chupa ikivunjika kila mtu husikia, na mwanafunzi hujua kuwa maarifa yana gharama na ajali zake. Mbele ya kompyuta hapana kivunjikacho, isipokuwa mwalimu ameacha mvunjiko uonekane. Akiuficha, mwanafunzi atapata jibu sahihi na alama nzuri, naye atakuwa ameshuhudia jambo ambalo hakuna aliyeliona. Hapana budi basi apewe jedwali pamoja na mapengo yake; na kalamu yake ifikapo Februari 1964, aulizwe kama ataiinua au ataendelea kuchora, na kwa haki gani.