Picha ya Samaki na Yai la Matopeni

Je, picha ya kweli yaweza kudanganya? Swali hili lafaa kupimwa kwa mfano mdogo.

Katika nchi tambarare ya mto Tana, tangu Garissa kuteremkia pwani, mvua zinyeshapo hujaza madimbwi. Ndani ya baadhi yake huonekana samaki wadogo, urefu wa kidole, ambao wataalamu huwaita Nothobranchius. Samaki hawa hupevuka kwa majuma machache, hutaga mayai topeni, na dimbwi likaukapo wote hufa. Mayai hubaki ndani ya udongo yakingoja mvua nyingine. Ijapo huanguliwa, na ukoo huanza upya. Mmoja wa jamaa hiyo alipewa mwaka 1992 jina la uwanda wa Boji, kaskazini mwa Kenya.

Huko Ulaya na Marekani wako watu wawafugao samaki hawa majumbani katika matangi ya kioo, na kuwapiga picha kwa ustadi. Mpiga picha husafisha kioo, huzima taa za chumba ili kioo kisirudishe sura yake mwenyewe, huweka nuru juu ya maji, kisha husubiri mpaka samaki atandaze mapezi. Aghalabu achaguliwaye ni dume, kwa kuwa amevaa rangi nyekundu na buluu. Jike, mwenye rangi ya udongo, hupitwa. Yai la matopeni halina mpiga picha kabisa. Na wakati wa kiangazi uhai wa ukoo mzima umo ndani ya yai hilo.

Picha hiyo haikusema uongo. Rangi ni za samaki, na mapezi ni yake. Uongo huzaliwa katika akili ya mtazamaji adhaniye kwamba alichokiona ndicho chote kilichopo.

Nchi ya Garissa hutendewa kinyume. Samaki huchaguliwa siku yake ya uzuri. Nchi huchaguliwa siku yake ya ukame. Picha zake ziendazo mbali aghalabu ni za mizoga ya ng'ombe na ardhi iliyopasuka. Hizo nazo ni za kweli. Lakini azitazamaye hizo tu huona nchi iliyokufa, wala hajui kwamba chini ya nyufa pana uhai. Mtu wa namna hiyo akikuta dimbwi kavu huliona shimo lisilo na kazi. Hulijaza kifusi, na kwa siku moja humaliza ukoo uliostahimili viangazi visivyohesabika.

Yuko atakayeuliza: basi tuache kupiga picha? La. Bila picha, wengi wasingejua kuwa samaki hao wako duniani. Wajibu wa mpiga picha ni kumwonyesha jike pia, na kutaja dimbwi na kiangazi chake. Wajibu wa mtazamaji ni kuuliza palikuwa na nini kabla ya picha, na patakuwa na nini baadaye.

Wanadamu nao wastahili haki hiyo. Apimwaye kwa siku moja ya maisha yake, iwe ya fahari au ya dhiki, amedhulumiwa.